Pindo la Joho la Manjano

Wifi yangu Urai hakuwa mtu wa kutaka vitu. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu aolewe na kaka yangu, na miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema anatamani kitu, hata embe. Ukimuuliza atakula nini, atakwambia chochote. Ukimuuliza anaumwa wapi, atakwambia si sana. Mimi ni kinyume chake: nikitaka kitu kisiwa kizima kinajua, na nadhani ndiyo maana tulipatana. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka Urai duniani, nacho ni mwanawe Thawat anyoe kichwa, avae joho la manjano, akae na watawa hata siku chache, ili yeye mama apate pindo la kushika atakapokufa.

Huku kwetu hakuna asiyejua habari hiyo. Mwanamke halivai joho lile. Thawabu yake kubwa humjia kwa mwanawe wa kiume: mwana akilivaa, mama hulishika pindo na kuvutwa nalo mpaka peponi, hata kama mikono yake ina damu. Na Urai aliamini kwamba mikono yake ina damu nyingi. Kaka yangu alianguka mnazini akafa, Thawat akiwa bado ananyonya. Tangu siku ile Urai alikuwa mtu wa ngisi. Aliwanunua mashuani wakiwa bado wanacheza, akawapasua, akawaosha, akawatandaza kwenye chanja za wavu wakauke. Kwa ngisi alimlisha mwanawe, kwa ngisi akamsomesha mpaka chuo.

"Mwingine anabadilika rangi mkononi mwangu," aliniambia siku moja tukiwa kazini. "Anakuwa mwekundu, halafu mweupe, halafu basi. Wifi, wote wale wananingoja."

"Ngisi hana kumbukumbu," nikamwambia. "Hata mdomo wake mwenyewe hajui uko wapi."

Alinitazama kwa huruma, maana alijua nasema upuuzi ili kumfariji. Mimi mwenyewe nimepasua ngisi wengi, na sikuzaa mtoto hata mmoja. Kwa hiyo wakati mwingine nilimsikiliza huku nikiwahesabu wangu.

Thawat alipofika umri wa kuvaa joho, alisema amalize chuo kwanza. Alipomaliza chuo, akasema kazi ni mpya, hawezi kuomba ruhusa. Halafu akaoa, mkewe Nittaya akapata mimba, na mtu hamwachi mke mjamzito akaenda kukaa hekaluni. Mimba ile ikamleta Pim, na iliyofuata ikamleta Fon, wasichana wawili wazuri ambao hakuna hata mmoja atakayeweza kumvalia bibi yao joho. Mwanamume asiyepitia utawa sisi tunamwita mbichi. Thawat aliota kitambi akiwa mbichi, akaanza kuota mvi akiwa mbichi.

Kisha mwaka juzi alipiga simu. Nilikuwepo, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti kwa sababu sikio moja la Urai halisikii vizuri. "Mama, mwakani," alisema. "Naapa. Nitakuja sikukuu ya kumwagiana maji, nichukue likizo yangu yote, nivae joho." Urai akajibu, "Sawa, mwanangu, ukipata nafasi," kisha akakata simu, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta huko akilia huku amejifunika uso kwa kanga ya kufungia kiunoni.

Mwaka mzima alijiandaa kimyakimya. Alinunua joho, bakuli la kuombea chakula, mkeka na mto, akaviweka sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuzia mende. Alikwenda kwa mkuu wa hekalu letu, ambaye wote tunamwita Baba Mkuu. Hekalu letu lina watawa watatu tu, na kumwingiza mtu utawani kunahitaji zaidi ya hao, pamoja na mkubwa mmoja mwenye idhini ya kutawaza. Baba Mkuu akamwomba mkubwa huyo avuke kutoka bara na wenzake. Siku ikapangwa, mara tu baada ya sikukuu. Majirani wakaahidi mchele na nazi, vijana wa upande wa pili wa kisiwa wakaahidi ngoma.

Kila mtu kisiwani aliijua siku ile isipokuwa Thawat. Mimi nilidhani Urai amemwambia. Yeye alidhani si adabu kumkumbusha mtu mzima ahadi yake.

Walifika na kivuko cha mchana, joto la Aprili likichoma mpaka mbao za gati. Thawat alishuka na maboya ya kuogelea shingoni, Nittaya na sanduku la barafu, wasichana na simu zao.

"Shangazi, bado tu mkali?" akaniuliza.

"Na wewe bado tu mbichi?"

Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Urai akanifinya mkono kwa nyuma.

"Mama, safari hii hatufanyi kitu," Nittaya akasema huku akimwegemea mkwewe begani. Ni mwanamke mwenye roho safi, sina neno naye. "Tunakula, tunalala, tunaoga baharini. Mwaka huu umetuchosha mpaka mifupa."

"Laleni, wanangu," Urai akajibu. "Nyumbani ni kwa ajili hiyo."

Na kweli walilala. Thawat alifunga bembea ya kamba kati ya mivinje miwili mbele ya nyumba, akaishi humo. Yeye anauza viyoyozi Bangkok, na mwezi wa joto kali simu haikai kimya, kwa hiyo ulimsikia akisema, "Ndiyo, bosi, cha sebuleni na cha chumbani, naam," huku mguu mmoja ukining'inia mchangani. Wasichana walishinda majini. Urai aliamka kabla ya jogoo akapika mchuzi mchachu wa samaki, akachoma ngisi na kutwanga pilipili na ndimu ya kuchovyea, akatengeneza wali wa kunata wa tui pamoja na embe. Walikula wakasifu, wakalala tena. Neno joho halikutajwa.

"Mwambie basi," nilimnong'oneza Urai jikoni.

"Amechoka. Mwache apate usingizi kwanza."

Kesho yake nikamwambia tena. Akasema, "Atasema mwenyewe. Mimi nikisema, itakuwa namfukuza kwenye mapumziko yake." Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wifi yangu alimchelea mwanawe hata kukunja uso.

Asubuhi moja Fon alimkuta bibi yake kwenye chanja akipasua ngisi na kutamka maneno kwa sauti ya chini. Yalikuwa maneno ambayo mtu husema mbele ya watawa akiomba kupokewa, katika lugha ya kale ambayo hakuna anayeizungumza. Urai alishayashika yote kwa kumsubiri Thawat.

"Bibi, unaimba nini?"

"Dawa ya nzi," Urai akasema. "Ukiimba hivi hawatui."

Mtoto akajaribu kuimba naye, na nzi wakatua kama kawaida. Urai alicheka, mimi nikashindwa. Niliosha mikono nikaenda moja kwa moja kwenye bembea.

"Thawat."

"Naam, shangazi."

"Unajua kwamba kuna mtawa mkubwa anakuja kutoka bara?"

Alifungua jicho moja. "Anakuja kufanya nini?"

"Kukuivisha wewe."

Akaiweka simu juu ya kitambi. Mguu ukaacha kubembea. "Mama hajaniambia kitu," akasema.

"Na wewe hujamuuliza kitu."

"Nilidhani amebadili mawazo. Nimefika, hataji. Nikasema labda ameniona nilivyochoka, ameamua kuniachia. Sasa nikianza mimi kumuuliza, si nitakuwa kama namchokonoa?" Akajiinua, akakaa vizuri. "Shangazi, tuseme ukweli. Nitazame usoni. Kichwa si tatizo, wanaume wengi wananyoa kichwa siku hizi. Tatizo ni nyusi. Watawa wananyoa na nyusi. Mimi naingia sebuleni kwa mtu, nakaa mbele yake, namwomba aniamini. Mtu asiye na nyusi anaonekana mgonjwa, au ametoka jela. Hauzi kitu."

"Si uwaambie umemvalia mama yako joho? Watanunua viwili viwili."

"Bosi wangu hayuko hivyo. Mauzo ya mwezi huu ndiyo tunayoyala mwaka mzima, hata kuja hapa nimeomba kwa magoti." Akageuka kumtazama Pim majini, kisha Fon kwenye chanja. "Na hawa nao wameingojea bahari tangu mwaka jana. Mimi nikae hekaluni, wao wakae na nani?"

"Wakae na bibi yao."

Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Niachie, shangazi. Nitazungumza naye mwenyewe, vizuri."

Niliondoka moyo mweupe. Nilimkuta Urai nikamwambia mambo yamenyooka, mwanao atazungumza nawe. Siku ile alikula sahani nzima ya wali, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

Sikukuu ikafika. Asubuhi tulikwenda hekaluni kuiosha sanamu ya Buddha kwa maji ya maua. Mchana wazee tuliketi mkekani barazani kwa Urai, tumekinga viganja juu ya beseni, na watoto wakaja mmoja mmoja kutumwagia maji ya yasmini na kutuomba msamaha na baraka. Mimi nilikaa ubavuni mwa Urai. Nittaya alianza, wakafuata wasichana. Kisha Thawat akapiga magoti, amevaa shati la maua la sikukuu, akalishika bakuli kwa mikono miwili.

Alimimina maji polepole. "Mama, kama nimekukosea kwa neno, kwa tendo au kwa mawazo, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe." Hayo ni maneno ya kila mtu, kila mwaka. Urai alishafungua mdomo ili ajibu kama kila mwaka, lakini Thawat hakuwa amemaliza. "Na ile ahadi ya joho, mama. Nimeshindwa. Naomba uniachilie, isinifuate."

Maji yalikuwa bado yanachuruzika vidoleni mwa Urai.

Asiyeishi na sisi atauliza kwa nini hakukataa. Siku ile mzee hakatai. Mtoto akimwaga maji akaomba, mzee akikunja mikono au akinyamaza, mtoto huyo hutembea na mkosi mwaka mzima. Na mbele ya Thawat kulikuwa na barabara ndefu ya kurudi Bangkok, ambayo kila sikukuu hii huua watu mpaka redio huwasoma kwa mikoa. Thawat alikuwa akilijua hilo pia. Sisemi alilipanga. Nasema tu kwamba alichagua mahali ambapo mama yake hakuwa na mlango wa kutokea.

"Nimekusamehe yote," Urai akasema. "Usifuatwe na kitu. Uende salama, urudi salama, uwe na afya, upate unachokitafuta." Kisha akamgusa kichwani kwa mikono iliyolowa.

Thawat alilia. Nalisema hilo nisije nikamdhulumu: alilia kwelikweli, mabega yakitetemeka, paji lake la uso limegusa mapaja ya mama yake. Baadaye akainuka, akafuta macho, akatoka na wanawe barabarani na bastola za maji za plastiki. Tulimsikia akicheka kule nje na watoto wa jirani, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Kwa nini hukunyamaza?" nilimuuliza Urai tulipobaki wawili.

"Nikinyamaza, atatembea na nini barabarani?"

"Ungesema utamjibu kesho."

"Siku ile haina kesho, wifi. Unajua."

Nilijua. Maji yakishamwagika hayazoleki, na neno lililotoka mkekani siku ile halirudishwi hata na watawa wote wa bara.

Aliniomba niende mimi hekaluni, kwa sababu yeye alikuwa anaona haya. Nilimkuta Baba Mkuu akifagia majani. Nilimweleza, akasikiliza akiwa ameegemea ufagio wake, akasema atapiga simu bara wasivuke. "Mwambie asione haya," akasema. "Joho halivalishwi kwa nguvu."

"Basi yeye atashika nini?"

"Ana thawabu zake mwenyewe. Tangu nije hapa hajakosa hata asubuhi moja kutuwekea chakula."

"Baba Mkuu, asubuhi anawawekea chakula, mchana anapasua ngisi."

Alifikiri. Mkuu wetu ana kasoro zake, ila hasemi uongo. "Hilo nalo ni kweli," akasema, na akaendelea kufagia. Nilimwambia Urai kwamba Baba Mkuu amesema asione haya, nikaishia hapo.

Siku zilizobaki zilikuwa likizo nzuri. Lazima niseme hivyo, ingawa inanichoma. Nilitaka Thawat awe mbaya ili nimchukie vizuri, lakini hakuwa mbaya. Alimkanda mama yake miguu kila jioni. Alipanda juu ya bati akaziba mahali panapovuja. Siku iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya joho, alitupakia wote kwenye gari la kukodi, tukaenda ufukwe wa nyuma ya kisiwa, ambako hakuna mtu. Urai alikaa kivulini akiwamenyea wajukuu maembe. Saa ambayo ngoma zingekuwa zinamzungusha mwanawe hekaluni, Thawat alikuwa anamfundisha Fon kuelea chali, amemkinga mgongo kwa kiganja, na Urai aliwatazama akitabasamu. Nilimwuliza kama yuko sawa. Akasema si sana, halafu akajirekebisha, akasema yuko sawa.

Jioni ya mwisho tulikula barazani. Thawat alikuwa amekunywa bia mbili tatu na uso umemwiva.

"Mama umenyamaza leo," Nittaya akasema.

"Nimeshiba tu, mwanangu."

Thawat akamzungushia mama yake mkono. "Mama, usiwe na wasiwasi. Nitavaa mbele ya moto. Siku ile sikwepi, hata bosi aje mwenyewe kunikamata."

Nittaya alicheka, kisha akaziba mdomo. Fon akauliza mbele ya moto ni nini, na Pim, ambaye ni mkubwa na anajua, akamwambia ni siku bibi akifa: baba ananyolewa asubuhi, anavaa joho, bibi anachomwa, jioni baba anavua. Thawat akasema, "Natania, jamani," na kila mtu akamtazama Urai.

"Hiyo nayo nzuri," Urai akasema, akimwongezea wali. "Ni siku moja tu. Haimchoshi mtu."

Niliinuka nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi. Nilikuwa na hasira nayo ile siku moja, na zaidi ya hasira nilikuwa na hakika. Mtu aliyeshindwa kumvalia mama aliye hai, anayempikia, hawezi kumvalia maiti isiyomdai kitu. Kutakuwa na kikao, kutakuwa na mteja mkubwa, kutakuwa na kivuko kilichojaa. Watatuma shada la maua kubwa lenye jina la kampuni. Mimi nitakuwepo, na mimi siwezi kumvalia chochote.

Asubuhi tuliwasindikiza gatini. Urai alikuwa amewafungia ngisi wakavu kwenye magazeti, mifuko mitatu. Wasichana walimkumbatia, Nittaya akamwinamia na viganja vimeunganishwa, Thawat akampigia magoti pale pale kwenye mbao, watu wakipita na mizigo. "Aprili nyingine, mama," akasema.

"Ukipata nafasi," Urai akamjibu.

Kivuko kiliondoka. Tulikaa kwenye benchi la gatini kwa sababu magoti ya Urai yalikuwa yanamsumbua, na nilikuwa nimejiandaa kumtukana Thawat kwa mapana na marefu, bila kizuizi kwa kuwa sasa hayupo. Lakini Urai alitangulia kusema.

"Wifi, ukienda hekaluni, uniombee jambo moja. Mimi naona haya kuliomba mwenyewe."

"Sema."

"Nife mwezi wa Aprili, wakiwa wameshafika. Nikifa mwezi mwingine itabidi waitwe, waombe ruhusa, watafute tiketi." Alifikiri kidogo, akiutazama mkono wake. "Lakini iwe siku za mwisho mwisho, wakishapumzika."